Shati la Sita Kambani

Mnanichosha. Wiki nzima nyumba hii haina mazungumzo mengine: wataongeza siku, hawaongezi, uwanja umejaa, uwanja haujajaa, fulani kaona gari lao, fulani kasikia redioni. Wanamuziki wenyewe mnaowagombania hawajui hata kama mpo duniani. Nilisema neno moja tu, kwamba hayo nimeyaona zamani na yalimliza mtu, mkaniganda kama kupe: bibi tuandikie, bibi tuandikie. Kuandika nilifundishwa ukubwani, na herufi zangu kila moja inakwenda njia yake. Haya, naandika. Ila sitaki mtu anisahihishe. Mtasoma hivyo hivyo nilivyoweka.

Ni habari ya Celina, Mama Kasmir, aliyekuwa akifua mashuka kwenye gesti ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo.

Celina alikuja Dar es Salaam kutoka Kibosho akiwa mke wa Theophil, na Theophil alikuwa na kiduka Mtaa wa Kongo, cha mafuta ya taa na chumvi na viberiti. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na alikuwa mashoto. Kila kitu alikishika kwa mkono wa kushoto: kisu, pasi, rozari. Wakwe zake walimsema kwa hilo mpaka wakachoka wenyewe. Alichosifiwa mtaa mzima ni kugeuza kola. Siku hizi shati likichakaa shingoni mnalitupa, lakini enzi zile shati lilikuwa mali. Kola ikianza kutoka nyuzi pale inaposugua shingo, unaifumua yote, unaigeuza, upande uliokuwa chini unakuja juu, unaishona tena, na shati linarudi upya mbele za watu. Celina aligeuza kola kwa sindano ya mkono, na kwa kuwa alikuwa mashoto, mishono yake ililala upande ambao mishono ya wengine hailali. Ukiona kola imeshonwa vile, huna haja ya kuuliza ni kazi ya nani.

Alizaa watoto wanne. Watatu wa mwanzo walizikwa wadogo. Alibaki na Kasmir, mtoto wa kiume mpole, mwenye vidole virefu. Kasmir alikaa miguuni pa mama yake tangu utotoni akiitazama ile sindano, na alipoanza kushona mwenyewe alishona kama mama yake, mishono inalala kushoto, ingawa kijiko na kalamu alishika kwa kulia.

Theophil alikufa kwa kifua. Walimpeleka mlimani kwao Kibosho kumzika, na kaburini pale pale wazee wa ukoo wakasema Kasmir ndiye atakayesimama dukani. Kasmir hakubisha. Alirudi mjini akasimama dukani, lakini alisimama kama mtu anayengoja kuitwa kwingine. Mchana anapima chumvi, jioni yuko kwenye kumbi za dansi anapiga gitaa la kuazima. Wateja wakawa wanakuta mlango umefungwa. Wakamsimamisha Celina njiani akitoka kanisani, wakamlalamikia, na kwa Celina hapakuwa na aibu iliyozidi hiyo, kuambiwa barabarani habari za mtoto wako.

Siku moja Kasmir alinunua gitaa lake mwenyewe. Alilileta nyumbani limefungwa kwenye shuka, akaketi uani kwenye kigoda, akasema, "Mama, keti kidogo nikupigie. Huu nimeutunga mwenyewe."

Celina alikuwa amesimama na beseni la nguo kiunoni. Akamwambia, "Siku nikitaka kulisikia hilo dude lako, nitakuita."

Kasmir alicheka. Alidhani ni maneno ya siku moja. Lakini mama yake hakuwa mtu wa kulirudia neno likishamtoka. Wiki zikapita, hakumwita. Miezi ikapita, hakumwita. Wachina wakaanza kujenga ile reli ya kwenda Zambia, vijana wakawa wanaandikishwa, wanapakiwa kwenye malori. Kasmir akajiandikisha. Mama yake alimfungia maandazi, akamfulia blanketi, akamgeuzia kola za mashati yake mawili. Gitaa lilikuwa pale pale mlangoni, limeegemezwa ukutani, na Kasmir alikuwa analitazama kila mara. Celina alimpa mkono wa safari. Hakumwita.

Duka lilikufa baada ya hapo. Celina akachukua kazi ya kufua kwenye gesti. Msimamizi wa gesti aliitwa Awadhi, mtu wa Pangani, mnene, mwenye maneno mengi na moyo laini, na alimpa chumba cha uani karibu na bomba. Habari za Kasmir zilikuja kidogo kidogo kwa vinywa vya watu waliokuwa wanarudi kutoka kwenye reli. Yuko Makambako. Yuko Mbeya. Amevuka mpaka. Kisha mmoja akasema yuko huko kwenye machimbo ya shaba, anapiga gitaa kwenye bendi ya vijana wa nywele ndefu, wanaopiga muziki wa umeme mpaka vioo vinatetemeka. Bendi inaitwa Chambeshi, ni jina la mto wa kwao. Baada ya hapo, kimya. Miaka.

Sasa, mwaka ule chama kilipobadilishwa jina, mara baada ya Sabasaba, zikabandikwa karatasi kwenye kuta za Kariakoo yote: Chambeshi wanakuja, watapiga Jumamosi, Uwanja wa Ilala. Na Awadhi akapata habari kwamba watalala kwake.

Mji uliwaka. Hamjui nyinyi. Santuri za Chambeshi zilikuwa chache, zimepita kwa magendo ya mikono mingi mpaka zimekwaruzika, na vijana walizijua kwa moyo na mikwaruzo yake. Aliyeongoza kelele mtaani kwetu alikuwa Filbert, fundi wa magari wa Gerezani, suruali yake ya bugaluu inafagia barabara yote anakopita. Filbert ndiye aliyesema hadharani kwamba ndani ya Chambeshi kuna Mtanzania, mtoto wa Mama Kasmir wa gesti. Akaja hadi uani kumwambia Celina atampeleka uwanjani yeye mwenyewe, amkalishe mbele kama mke wa balozi.

Celina akamjibu, "Aliyeondoka ni yeye. Miguu iliyompeleka ndiyo itakayomrudisha. Siendi kumchungulia mwanangu kwenye kundi la watu."

Na hakwenda. Jumamosi ile alipika machalari, ndizi na nyama, sufuria kubwa la sikukuu. Treni ilichelewa mno, wanamuziki wakapelekwa uwanjani moja kwa moja bila hata kunawa. Celina hakujua hilo. Alikaa uani na sufuria lake, amevaa gauni la kanisani, na upepo ulipogeuka alisikia mbali kule mvumo, kama nyuki ndani ya mtungi, na watu wanapiga kelele. Kila mvumo ulipokuja aliacha kukoroga. Ulipokwisha akafunika sufuria.

Walikuja jioni giza likiingia, wamezungukwa na umati, wakapitia mlango wa mbele. Celina alingoja mmoja wao aje kwa mlango wa nyuma. Hakuja mtu. Akajiambia kachoka, au anaona haya, na kesho nayo ni siku. Aliyekuja ni Awadhi, na furushi la mashati, akimwomba ayafue asubuhi mapema hata kama ni Jumapili, maana yamelowa jasho na wageni hawajui kama watapiga tena au wataondoka.

Alfajiri Celina akayaloweka. Yalikuwa ya aina moja, rangi ya embe bivu, yenye marinda kifuani. Alitumia kipande chake cha sabuni ya mche, na sabuni wakati ule haikuwa kitu cha kuchezea. Alisugua kwapa, alisugua shingo, akakamua, akasuuza maji mawili. Alipofika kwenye shati la mwisho, la sita, akalisuuza kama mengine, na wakati wa kulikamua kidole gumba chake kikapita juu ya kola.

Akasimama. Akaigeuza kola kwenye mwanga. Ilikuwa imefumuliwa na kugeuzwa, na mishono ilikuwa imelala kushoto.

Celina alicheka. Mke wa Awadhi alikuwa anachota maji bombani, na alisema baadaye kwamba hakuwahi kumsikia akicheka mpaka siku ile. Aliingia ndani ya gesti na shati linachuruzika maji, anapita ukumbini, anatazama milango. Mezani alikuwa ameketi mtu mmoja anakunywa chai, mwenye ndevu, mnene wa mabega. Huyo ndiye Pantaleo, kiongozi wa bendi, mzaliwa wa Katanga, na Kiswahili alikijua, kile cha kwao kinachoburura mikia ya maneno.

Celina akamuuliza, "Mwenye shati hili yuko chumba gani?"

Pantaleo aliliangalia shati. Akaweka kikombe chini. "Mama, hiyo shati nani alikupa?"

"Nimepewa na mengine. Mwambie asijifiche. Mwambie mama yake yuko uani na chakula kipo."

Yule mtu akainuka, akamvutia kiti, akamshika mkono mpaka akaketi. Akamwambia polepole. Kasmir amekufa. Ni mwaka juzi, wakati wa kiangazi, lori lao lilipinduka njiani wakitoka kupiga muziki Ndola. Wamemzika Kitwe. Walitaka kuleta habari nyumbani, lakini Kasmir hakuwahi kuwaambia mtaa wala jina la ukoo, alisema Dar es Salaam tu. Kila walipomshauri aende akamsalimie mama yake alikuwa na jibu moja.

"Alikuwa anasemaka, bado hajaniita," Pantaleo alisema.

Maji ya shati yalikuwa yanadondoka sakafuni katikati ya miguu yao.

Pantaleo akaendelea, maana alishaanza. Shati lile wanatembea nalo. Kila wanapopiga wanalitundika kwenye spika upande aliokuwa anasimama Kasmir, halivaliwi na mtu. Mpiga ngoma wao ni mgeni, jana usiku alikusanya mashati akalitia na lile bila kujua. Akatazama pembeni. "Mama, tangu siku ile hatukuifuaka. Jasho yake ilikuwa mule."

Celina akalitazama shati. Lilikuwa linanuka sabuni ya mche, basi, hakuna kingine. Pantaleo hakuthubutu kumgusa. Mwishowe akasema, "Basi ameoshwa. Ameoshwa na mama yake. Ulitaka aoshwe na nani?"

Pantaleo akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake. Celina hakulia. Akamuuliza kama Kasmir alikuwa na wimbo wake mwenyewe.

Alikuwa nao. Huo ndio waliomalizia kila onyesho, kwa Kiswahili chake, neno kwa neno alivyoutunga. Na jana? Hata jana waliupiga, wa mwisho. Celina akakumbuka ule mvumo wa mwisho, na mkono wake ukifunika sufuria.

Pantaleo akasema gitaa na spika vimelala uwanjani, vikirudi atampigia hapa hapa ukumbini. Celina akakataa. Hakutaka kupigiwa wimbo wa mwanawe ukumbini, wageni wakipita na taulo. Alisema, "Nilimwambia nitamwita. Nitamwita mbele ya watu, anaposimama." Pantaleo akamweleza mambo yalivyo. Wamewaomba wenye uwanja waongezewe siku moja, leo alasiri, na jibu halijatoka, anakwenda sasa hivi kulifuata. Wakikubaliwa, shati litatundikwa mara ya mwisho na wimbo utapigwa mama akiwa amekaa mbele. Wakikataliwa, treni ni ya jioni. Kwa vyovyote shati ni la mama. Kama hawapigi, ataliacha kambani.

Celina akarudi uani akayaanika yote sita kwenye jua, lile la sita pembeni, akalinyoosha marinda moja moja kwa vidole.

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Nyuma ya ua ule palikuwa na uzio wa mabati yaliyotoboka, na tangu asubuhi vijana walikuwa wamejazana kichochoroni wakichungulia. Walichokiona ni mashati sita ya jukwaani kambani. Kwao yalikuwa maandiko. Mmoja akasema mnaona, wamefua, wanapiga. Mwingine akambishia: leo Jumapili, ofisi imefungwa, kibali kitatoka mbinguni? Wa tatu akasema kibali kilitolewa cha siku mbili tangu mwanzo, ana shemeji yake huko. Wakamcheka, maana huyo alikuwa na shemeji kila mahali penye habari. Filbert akawatuliza kwa hoja. Mtu anayesafiri jioni hafui shati la marinda asubuhi, kwa sababu marinda hayakauki upesi, na nani anafunga sanduku na nguo mbichi? Hoja ikaonekana nzito.

Akaita kupitia kwenye tundu la bati, "Shikamoo, Mama Kasmir."

"Marahaba."

"Leo wanapiga?"

Celina alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo ameuelekeza kwao. "Sijui," akasema.

Filbert akawageukia wenzake. "Mmesikia? Kama hawapigi angesema hawapigi."

Na neno likatoka kichochoroni. Likaenda sokoni, likaenda Msimbazi, likaingia Gerezani kwenye karakana, likapanda Upanga kwa wapishi na madereva. Kila lilipopita lilinenepa. Walioanza kwa kusema wamefua wakasema wameonekana wakifanya mazoezi. Wengine wakataja saa. Ikawa saa tisa. Mtu akaongeza kwamba wanawake na watoto wataingia bure.

Celina alikuwa bado kwenye kigoda. Hakumwambia mtu msiba wake, hata mke wa Awadhi, aliyemwona akicheka na kudhani heri imeingia. Adhuhuri ikapita. Akafika muuza kahawa na dele lake, aliyekuwa na desturi ya kupitia uani pale, akamwambia, "Mama Kasmir, bado umekaa? Wanapiga saa tisa. Mji mzima unaenda."

Nawaambieni, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kamba ile aliifunga yeye. Mashati aliyafua yeye, na aliyafua kwa kuwa yalikuwa na jasho, hapakuwa na sababu nyingine. Angekaa kidogo akafikiri angejua habari ile imetoka wapi. Lakini ilikuwa imezunguka mji na kurudi imevaa nguo nyingine, naye alikuwa anaitaka. Mtu anayetaka neno halichunguzi. Wakati ule ule ikapita gari ya bendi barabarani, ngoma zimefungwa juu, inaelekea upande wa Ilala, na vijana wakaishangilia. Kwenda Ilala na kwenda stesheni ya reli ya Zambia ni njia moja. Hakuna aliyeliwaza hilo.

Awadhi alikuwa msikitini. Pantaleo alikuwa hajarudi. Celina akafunga khanga nyeusi kichwani juu ya gauni la kanisani, akayagusa mashati. Bado yalikuwa na unyevu kwenye marinda. Akayaacha.

Alitembea na umati kwenye barabara ya Uhuru. Watu walikuwa na furaha. Filbert alimwona akampisha njia kwa viwiko, akiwaambia watu wampishe mama wa mpiga gitaa, na watu wakawa wanamsalimu kwa heshima. Midomo ya Celina ilikuwa inatikisika. Filbert alidhani anasali. Alikuwa anajaribu kuliita lile jina, alione linavyotoka, kwa sababu alikuwa hajamwita yule mtoto kwa miaka mingi.

Lango la uwanja lilikuwa limefungwa. Mlinzi akasema hakuna muziki leo. Hawakumwamini. Mlinzi angejua nini, walisema, yeye anapewa habari mwisho. Wakasema watafunguliwa mlango wa upande wa pili, wakahamia upande wa pili. Wakarudi. Filbert akasema humo ndani wanapima vyombo, ametega sikio ukutani kasikia gitaa. Wote wakaja kutega masikio kwenye ukuta, mamia ya watu, na Celina naye akaweka sikio lake kwenye saruji ya moto. Aliliweka muda mrefu. Kuna waliosema wanasikia. Kuna waliotaja hata jina la wimbo.

Jua likaanza kushuka. Watu wakapungua mmoja mmoja, kila mmoja anaondoka kwa kuaga kwa sauti kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Akabaki Filbert, kwa kuwa ndiye aliyemleta, na Celina ukutani.

"Mama Kasmir, twende. Hawapigi."

"Ngoja," Celina akasema. Akasogea mpaka langoni, akashika vyuma kwa mkono wake wa kushoto, akatazama ule uwanja mtupu na majani yake. Kisha akaita, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. "Kasmir. Haya, mwanangu, piga."

Filbert ndipo alipoelewa. Akavua kofia yake. Hakumharakisha tena.

Walirudi wakati wa magharibi. Awadhi alikuwa mlangoni, na alipomwona akaziba uso. Pantaleo alikuwa amerudi muda mrefu na jibu, hawakukubaliwa. Akamtafuta Celina chumbani, akamtafuta bombani, akatuma mtu kanisani. Akachukua gitaa akaketi uani kwenye kigoda cha Celina akamngoja. Gari ilipiga honi mara ya kwanza, hakuondoka. Ilipopiga ya pili akasema basi, na akaupiga ule wimbo wote, peke yake, anayatazama mashati kambani. Kisha akaanua matano, la sita akaliacha linaning'inia, akamwambia Awadhi, "Mwambie mama, ile ni yake." Awadhi akawasindikiza hadi barabarani, ambako vijana waliorudi mapema kutoka Ilala walikuwa wamelizingira gari. Aliporudi uani kamba ilikuwa tupu. Vibanio viwili vilikuwa chini mchangani, na bati moja la uzio limepindwa.

Kesho yake Celina akatandika mkeka akakaa msiba, msiba usio na maiti wala nguo ya maiti. Watu walikuja. Filbert alizunguka Gerezani nzima na Kariakoo akiuliza na kuapiza, akasema mwenye nalo alirushe tu ndani ya uzio, hataulizwa. Nadhani aliyelichukua alilichukua kwa mapenzi, alitaka kumbukumbu ya Chambeshi. Na aliposikia ni la marehemu akaona haya, akalificha chini kabisa ya sanduku lake. Haya ni kitu kibaya sana. Huyo Celina mwenyewe ilimla maisha.

Baada ya matanga alimwita Awadhi akamuuliza wimbo ulikuwaje. Awadhi alikuwa mtu wa kaswida, na hata kaswida zilimshinda. Akavumisha alichokumbuka. Maneno hakuyashika, ila alisema kuna mahali anataja mama, na mahali anataja chumvi. Celina akasikiliza hadi mwisho, akasema asante. Baada ya siku kadhaa akamuuliza tena, na Awadhi akavumisha tena, na haukuwa ule wa kwanza. Ikawa desturi yao. Alasiri, mashuka yakishaanikwa, Celina anaketi kwenye kigoda na Awadhi anasimama mlangoni na tumbo lake anavumisha, kila siku wimbo mwingine, jasho linamtoka kwa kujaribu. Celina hakumwambia hata mara moja kwamba umebadilika. Alikuwa anashukuru na kurudi kwenye pasi.

Na alikuwa na tabia nyingine. Miaka ile ya foleni, msizozijua nyinyi, foleni za sukari, za unga, za sabuni, Celina alikuwa hasimami nyuma ya wanawake wenzake. Alisimama nyuma ya wanaume. Mwanaume akihisi pumzi kisogoni anageuka, anamkuta mama mrefu ameinama anatazama kola yake. Wengine walimtukana. Wengine walidhani haoni vizuri. Alitazama kola za mji huu mpaka mwaka ule rais alipong'atuka, Celina akafa kabla ya mvua za vuli, na Filbert ndiye aliyesimamia gari la kumpeleka Kibosho. Hadi kwenye sanduku lake la mwisho watu walimwita Mama Kasmir.

Haya, mimi nimemaliza yangu. Sasa zamu yenu, na msiniletee visingizio vya kazi. Waliokuwa kichochoroni siku ile walizaa, na waliozaliwa wamezaa, na mmoja wa wajukuu hao ni wewe unayesoma, hata kama si wa nyumba hii. Nenda nyumbani kwenu, waombe wakubwa wako funguo za masanduku ya zamani, yale ya bati. Toa kila kitu hadi chini. Unatafuta shati la rangi ya embe bivu, lina marinda kifuani, na kola yake imegeuzwa, mishono imelala kushoto. Ukilikuta usinieleze lilifikaje kwenu, sitauliza. Nililetee mimi, nitajua pa kulipeleka. Nililetee kama lilivyo. Usilifue.